Kabla hujawasha mfumo, kasome daftari la stoo

Siku ya tatu baada ya kuwasha mfumo wa ERP, yaani programu moja inayounganisha manunuzi, stoo, mauzo na hesabu za kampuni, bosi aliniita akanionyesha skrini yake: saruji, mifuko hasi 40. "Hii tunadaiwa na nani?" Sikuwa na jibu. Mradi niliusimamia mimi, na wiki moja kabla nilikuwa nimemwahidi kwamba ataona mali yake yote akiwa amekaa sebuleni kwake.

Ilikuwa kampuni ya jumla ya vifaa vya ujenzi, Dar es Salaam, maduka mawili na ghala moja. Siku mbili nzima nilimshuku fundi wa mfumo, kumbe programu haikuwa na kosa lolote. Kompyuta ya kupokelea mizigo tulikuwa tumeiweka ghorofani kwa wahasibu. Lori likiingia asubuhi, Mzee wa stoo anahesabu mifuko, anaandika kwenye daftari lake, na jioni ndipo anapanda ngazi kwenda kuingiza. Huku chini kaunta wameshaiuza tangu saa nne. Tulishusha kompyuta moja tukaiweka kwenye meza ya getini pamoja na betri ya akiba, na zile hasi zikaanza kupungua wiki ileile.

Wewe uliyekabidhiwa mradi wa ERP kwa mara ya kwanza, najua utaanzia nilipoanzia mimi: kulinganisha programu, kuwasikiliza wauzaji, kujaza jedwali la sifa. Hayo yaweke kwanza. Nenda getini, kaa na mtunza stoo siku tatu, umwombe kwa heshima akuonyeshe daftari lake. La Mzee lilikuwa na mambo ambayo hayakuwamo katika karatasi yoyote ya mahitaji tuliyoiandika. Kulikuwa na mteja anayelipa leo na kuchukua mzigo kidogokidogo mwezi mzima, mifuko iliyopasuka inayouzwa kwa bei ya chini, mabati yaliyopelekwa duka la pili bila hati. Kila moja linataka njia yake ndani ya mfumo. Usipoiweka, daftari litaendelea kufanya kazi pembeni, na ikifika siku ya kuhesabu mali hutajua umwamini nani.

Kisha kuna orodha ya bidhaa, na hapa jiandae kutoka jasho. Nondo ya milimita 12 tuliikuta imeandikwa kwa namna saba, kila aliyewahi kukaa kaunta na yake. Baya zaidi, tulinunua kwa tani na kuuza kwa kipande. Nondo hiyo yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.66 hivi, kwa hiyo tani moja hutoa vipande 93 au 94. Mtu wa manunuzi alikuwa akiweka 90 "kwa usalama", kaunta wakihesabu 95. Katika mzigo wa tani 30, hiyo ni tofauti ya vipande 150, na hakuna aliyeiba. Mshauri anayekuwekea mfumo hawezi kukusafishia hili, maana yeye hajui nondo. Mpango wa mradi uliandika wiki moja, sisi tulimaliza kwa sita, na sijutii hata siku moja ya hizo. Salio la kuanzia nalo usilichukue kwenye eksel ya mwezi jana: fungeni duka, mhesabu kwa mikono.

Tarehe ya kuwasha usiruhusu ipangwe na mkataba wa mshauri. Mwaka 1999 kampuni ya chokoleti ya Hershey, Marekani, iliwasha mifumo yake mipya mwezi Julai, oda za Halloween, sikukuu ya Oktoba ya kugawa peremende, zikiwa zinaingia, baada ya kubana mradi wa miezi 48 uwe wa 30. Mali ilikuwapo maghalani, lakini oda za takriban dola milioni 100 zilishindwa kutoka. Sisi tulipangiwa Desemba, wahasibu wakiwa wanafunga hesabu za mwaka. Nilimpelekea bosi habari hiyo, tukasogeza hadi Februari. Katika mradi mzima, hilo ndilo nililolipatia tangu mwanzo.

Juu ya kurekebisha programu ifanane na mazoea yenu, kuwa mgumu. Lidl, kampuni ya maduka ya rejareja ya Ujerumani, iliachana na mradi wake wa SAP, programu ya ERP, mwaka 2018 baada ya kutumia takriban euro milioni 500. Kikwazo kimoja kilichoripotiwa ni kwamba Lidl ilithamini mali kwa bei ya kununulia, wakati mfumo ulijengwa kwa bei ya kuuzia. Kwetu ugomvi ulikuwa mdogo: mhasibu mkuu alitaka ankara ifanane na ile ya zamani hadi mstari wa chini kabisa. Tukamlipia. Toleo jipya lilipokuja mstari ukapotea, tukalipa tena.

Mafunzo yafanye mafupi, kwa bidhaa zenu wenyewe na mbele ya foleni halisi. Dada mmoja wa kaunta alikaa siku mbili ukumbini bila kushika kitu, kwa sababu vitufe vyote vilikuwa vya Kiingereza. Alielewa ndani ya nusu saa tulipombandikia ukutani karatasi moja ya Kiswahili yenye hatua tano. Na kila mtu awe na neno lake la siri. La kwetu la kaunta lilikuwa moja, hata kijana wa chai alilijua, mpaka siku bei ya rangi iliposhushwa na hakuna aliyeishusha.

Mtu mgumu zaidi kumbadilisha alikuwa bosi. Kila usiku alimpigia Mzee simu kuuliza saruji imebaki mingapi. Sasa kama jibu linapatikana kwa simu, nani atahangaika kuingiza? Nilimwomba kwa mwezi mmoja asipige, afungue skrini tu, na akiona namba ya ajabu anipigie mimi. Alinipigia sana. Mwezi wa pili simu zilipungua.

Mzee daftari lake hajaliacha. Juzi nilipolichungulia, kurasa za mwisho zilikuwa na namba za magari na simu za madereva.