Re: Wamarekani wanasifia lafudhi yangu ya London, wananikejeli?

Mambo vipi mkuu. Hawakukejeli, wanaosifia lafudhi ya Uingereza wengi wanamaanisha kabisa, nilipokuwa Boston hata dereva wa basi alinisifia, kule kuongea na usiyemjua ni kawaida, we sema asante uwaambie umetoka wapi basi. Wengine watadhani we ni Mwaustralia, usikasirike.

Cha kuangalia kwanza ni mgahawani, maana hapo lafudhi haikuokoi: acha tipu (bakshishi) asilimia 15 hadi 20 ya bili, mhudumu anaitegemea kwelikweli, kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani kwa wanaopokea tipu ni dola 2.13 tu kwa saa, mi naona ni uonevu. Na bei za dukani nyingi hazina kodi, inaongezwa ukifika kulipa. Tarehe nazo wanaanza na mwezi, kagua tiketi yako.