Re: HR kazi yao ni kuajiri na kufukuza tu?

Mkuu umeuliza kama HR (watu wa idara ya rasilimali watu, wanaosimamia mambo ya wafanyakazi) wana kazi nyingine zaidi ya kuajiri na kufukuza. Wanayo, tena hizo ulizotaja ndo zinaonekana tu. Kabla tangazo la kazi halijatoka kuna mtu kakaa na mkuu wa idara wakaandika hiyo nafasi inafanya nini, inaripoti kwa nani, mshahara uangukie daraja gani, wakiboronga hapo unakuta watu wawili wanagombania kazi moja na nyingine haina mwenyewe. Halafu kuna mafunzo, likizo, tathmini, nisikuchoshe.

Ila pa kuwapima hasa ni kwenye nidhamu. Meneja kafura anataka fulani aondoke leo leo, HR anayeijua kazi anamwambia subiri kwanza, kwenye faili kuna barua ya onyo? Kapewa nafasi ya kujitetea? Bila hivyo kesi ikifika mbele kampuni inaweza kulipa fidia hata kama jamaa alikosea kweli.

Na usijidanganye eti HR ni wakili wako, analipwa na mwajiri huyohuyo (japo wapo wanaojitahidi kutenda haki), kwa hiyo ukiwa na malalamiko peleka kwa maandishi na ubaki na kopi.