Maswali ya Wasomaji: Ugeni wa Chuoni na Ugomvi wa Bwenini

Barua mbili za mwezi huu, moja ya mzazi na moja ya mwalimu, nimeziweka pamoja kwa sababu zote zinahusu namna vijana wetu wanavyoishi na wasiofanana nao wakiwa masomoni.

*Assalaam alaykum, Maalim. Mimi ni mama wa watoto wanne, mkazi wa Tanga. Kijana wangu wa pili amepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kule Mbale, na hajawahi kulala nje ya nyumba yetu zaidi ya wiki moja. Ndugu zangu wananishauri akae chumba kimoja na Watanzania wenzake asije akapata upweke, lakini baba yake anasema aende akachanganyike. Tumwambie nini kabla hajapanda basi?*

Waalaykum salaam, mama yangu, na hongera kwa kumfikisha kijana hapo.

Upweke atakaoupata si jambo la kuonea haya. Imepokewa na Bukhari, kutoka kwa Bi. Aisha, kwamba Mtume (s.a.w.) na masahaba wake walipohamia Madina, Abu Bakr na Bilal walishikwa na homa, na kila homa ilipompungua Bilal alipaza sauti kwa beti za shairi akiuliza kama atajaliwa tena kulala usiku mmoja katika bonde la Makka, huku amezungukwa na idhkhir na jalil, majani ya kwao. Mtume hakumkemea wala hakumwambia kuwa imani yake imepungua, bali alimwomba Mwenyezi Mungu awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi ya hapo. Basi kijana akipiga simu wiki ya pili na sauti ikamkatika, msimwambie ajikaze kwa kuwa yeye ni mwanamume. Msikilizeni, mumwombee dua hiyo hiyo, na msiharakishe kumtumia nauli ya kurudi.

Kuhusu chumba, ndugu zako na baba yake wote wana haki, kila upande kwa wakati wake. Katika msikiti wa Al-Azhar, Kairo, wanafunzi waliotoka mbali walikuwa wakikaa kwa karne nyingi katika riwaq, yaani sehemu zilizotengwa kwa ajili ya watu wa Sham, wa Maghribi, Waturuki, na pia Jabart, Waislamu wa pande za Uhabeshi. Mgeni alifika akamkuta mtu wa kwao wa kumwonyesha pa kulala na pa kupata mkate. Lakini hakubaki humo tu, kwa sababu alipotoka kwenda kwenye halaqa, yaani duara la darasa, alikaa mbele ya shekhe yeyote aliyemtaka, ubavuni mwa mwanafunzi wa nchi yoyote. Abdulrahman al-Jabarti, mwanahistoria aliyeandika habari za Wafaransa kuingia Misri mwaka 1798, alitoka katika ukoo ulioongoza riwaq ya Jabart, na maandishi yake yanamwonyesha mtu aliyeijua Misri yote. Kwa hiyo Watanzania wenzake wampokee na wamwonyeshe duka, hospitali na ofisi za chuo, kisha muhula wa pili aombe chumba na mtu asiyejua Kiswahili. Mwanafunzi anayemaliza miaka mitatu ugenini akila, akisoma na kucheka na watu wa mkoa wake tu, kwa maoni yangu amesafiri bure.

Lipo jambo moja ambalo wazazi wa kwetu husahau kuwaambia watoto wao. Kiswahili, ambacho sisi tumelelewa nacho kama lugha ya mama na ya ibada, wazee wengi wa Uganda walikisikia vinywani mwa askari, tangu enzi za ukoloni hadi utawala wa Amin. Mtu akimjibu kijana wenu kwa baridi, asidhani kuwa amedharauliwa yeye. Aanze kwa salamu ya wenyeji. Wamasaaba wa Mbale husalimiana kwa kusema "mulembe", na maana yake ni amani, kwa hiyo hatakuwa amesema neno geni kwa Mwislamu.

Sokoni pia aende mwenyewe. Abdulrahman bin Auf, sahaba aliyehama kutoka Makka, alipounganishwa udugu na Saad bin Rabii wa Madina, Saad alimwahidi nusu ya mali yake, naye akamwombea baraka kisha akaomba aonyeshwe soko liliko. Huko ndiko kijana atakakojifunza kuhesabu kwa lugha ya watu, kuchagua matoke na kukubali kwamba chakula cha wengine si kibaya kwa kuwa tu hakina nazi. Chuo hicho, ambacho nchi za Kiislamu ziliafiki kukianzisha katika mkutano wa Lahore mwaka 1974 na kikafunguliwa mwaka 1988, hupokea pia wanafunzi wasio Waislamu. Atakaa nao darasani, na pengine watamuuliza maswali ya dini ambayo hakuwahi kuulizwa Tanga. Ajibu analolijua kwa upole, na asilolijua akaliulize.

*Maalim, mimi ni mwalimu mlezi wa bweni katika seminari moja ya Kiislamu. Tangu muhula uanze, wanafunzi wamegawanyika kwa sababu ya qunuti, ile dua ya kusimama katika swala ya alfajiri, na maulidi. Kundi moja limeanza kuswali chumbani badala ya msikitini, na juzi godoro la mwanafunzi mmoja lilikutwa limetupwa nje kwenye mvua. Wenzangu wanataka tuwafukuze vinara, au tumwite mgeni aje kutoa mhadhara wa amani. Unashauri nini?*

Mwalimu mwenzangu, barua yako imenihuzunisha, hasa lile godoro. Jambo hilo lishughulikiwe kwanza na lishughulikiwe peke yake, kwa sababu kumdhulumu mwenzako si suala la fiqhi, yaani la hukumu za ibada ambazo wanazuoni hutofautiana. Aliyelitupa alilipe, aombe radhi mbele ya waliomwona, na asiruhusiwe kujificha nyuma ya dalili yoyote. Mgeni wa kutoa mhadhara simkatai, ila ataondoka baada ya alasiri na vijana watarudi chumba kile kile.

Vyumba ndivyo somo lenyewe. Kule Indonesia, katika Pondok Modern Darussalam Gontor, chuo cha bweni kilichoanzishwa mwaka 1926 huko Ponorogo, Java Mashariki, wanafunzi kutoka visiwa na makabila mbalimbali huchanganywa chumba kimoja na kuhamishwahamishwa, ili pasiwe na chumba kinachogeuka kuwa kijiji cha watu wa sehemu moja. Angalia orodha ya bweni lako. Nina hofu kwamba mliwaacha wachague wenyewe wa kulala nao, nao wakachaguana kwa misikiti wanayotoka.

Na hiyo qunuti, wafundishwe badala ya kukatazwa kuizungumza. Kijana wa Kishafii, anayefuata madhehebu ya Imamu Shafii, ajue kwamba Abu Hanifa na Ahmad, maimamu wa madhehebu mengine, hawakuiona kuwa sunna ya kudumu katika alfajiri, na anayeikataa ajue kwamba Shafii na Malik waliithibitisha, kila mmoja kwa hoja zake. *Bidayat al-Mujtahid* ya Ibn Rushd imeandikwa kwa kazi hii hasa, ya kueleza kwa nini wanazuoni walitofautiana, na kurasa chache za mlango wa swala zinatosha kwa muhula mmoja. Wasimulie pia kisa cha Imamu Shafii, kwamba aliposwali alfajiri karibu na kaburi la Abu Hanifa huko Baghdad aliiacha qunuti kwa kumstahi mwenye kaburi. Na wale wasioisoma waambiwe kwamba imenukuliwa kutoka kwa Imamu Ahmad kuwa anayeswali nyuma ya imamu anayekunuti humfuata na kuitikia amin. Maulidi nayo yataingia kwa njia hiyo hiyo, baada ya wao kuzoea kusikilizana katika dogo.

Kuwafukuza vinara kutawapeleka shule nyingine na ugomvi wao. Wape hao hao zamu ya kupakua bwaloni, wawili wawili, mmoja wa kila upande, na wao wenyewe wawe wa mwisho kula, sinia moja. Kisha uandike zamu za uimamu wa alfajiri, asiye na qunuti leo na mwenye qunuti kesho, na asubuhi hizo zote mbili wakukute wewe mlezi wao umesimama safu ya kwanza.