Sauti inakatika nikicheza: nikaze tumbo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwigizaji hapa Jinja. Katika mchezo wetu mpya naimba, nacheza tamenhaibuga, ngoma ya kiuno ya Wasoga wa Uganda, kisha papo hapo nasema maneno yangu. Nikiimba nimesimama, sauti inatoka vizuri. Nikishacheza inakatika, na maneno yanatoka kwa mkwaruzo. Kiongozi wetu anasema nikaze tumbo, na ninywe tangawizi na yai bichi kabla ya kupanda jukwaani. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, dada. Acha kukaza tumbo, kuanzia leo. Agizo hilo nalisikia karibu kila kikundi ninachokwenda kufundisha, na linaniuma, maana wanaoliamini ndio wenye bidii zaidi.

Kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu, hushuka unapovuta pumzi, na kikishuka lazima tumbo lifutuke kidogo. Ukilikaza, pumzi inakimbilia mabegani, nayo ni haba. Halafu mtazame mtu anayenyanyua dumu la maji la lita 20: koo lake hujifunga lenyewe ili kifua kiwe imara. Nyuzi za sauti hubanana. Tumbo lililokazwa katikati ya ngoma huita mbano uleule, na wakati huohuo unazitaka nyuzi hizo zitetemeke kama mara 200 kwa sekunde ukizungumza, zaidi ya 400 ukipanda noti za juu. Mkwaruzo wako unatoka hapo. Na kiuno cha tamenhaibuga kitachezaje juu ya tumbo lililo kama ubao?

Tena mnafundishwa vipande vipande: Jumatatu wimbo, Jumatano miondoko, Ijumaa maneno, ilhali pumzi ni moja. Wazee wetu hawakuigawa. Neno ngoma lenyewe ni chombo, ni uchezaji, ni shughuli nzima.

Jaribu hivi. Weka viganja kwenye mbavu za chini, pembeni, utembee ukisema, “Mama amekwenda sokoni.” Usikie mbavu zinavyopanuka. Refusha irabu taratibu mpaka sentensi igeuke wimbo, kisha ifupishe irudi kuwa maneno, miguu isisimame. Wiki ya kwanza ni kutembea tu. Baadaye ongeza kiuno, mwisho mtindo mzima. Mkiwa mazoezini, tafuteni pia mahali pa kupumulia kati ya hatua ya mwisho na neno la kwanza, mpapange kama mnavyopanga hatua zenyewe.

Ama tangawizi na yai, unachomeza hakipiti kwenye nyuzi za sauti. Unapomeza, njia ya hewa hufunikwa, la sivyo ungepaliwa. Yai bichi linaweza kukupa ugonjwa wa tumbo. Nimeona wengine wakisukutua waragi, ile pombe kali, wengine wakinunua vidonge vya kupunguza uvimbe bila kupimwa, ili shoo ya usiku ipite. Msiwape wauzaji wa vitu hivyo pesa zenu! Dawa inayoficha maumivu inakuruhusu kuimba juu ya kidonda. Kunong'ona nako si kupumzisha sauti. Wengi hukaza koo zaidi wakinong'ona. Nyamaza, kunywa maji.

Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, azitazame nyuzi kwa kamera. Vinundu, yaani vivimbe vidogo vinavyoota kwenye nyuzi za sauti, havionekani kwa kupanua mdomo mbele ya kioo, na vingi hupona kwa mazoezi ya sauti bila kisu, vikiwahiwa.