Kabla hujaitupa leza yako, tazama bendera: reflekta kwenye viwanja vya gofu vya Dar

Mchezaji wa gofu hapa Dar akipata namba ya ajabu kwenye kipima umbali cha leza, wa kwanza kulaumiwa ni mashine, na wa pili ni aliyemuuzia. Mimi naomba tuanze na bendera. Mashine ya bei ya kawaida na ile ya bei ya pikipiki zote zinategemea jambo moja, nalo ni mwanga urudi. Usiporudi wa kutosha kutoka kwenye bendera, mashine itachukua uliorudi kutoka kwingine na kukuandikia namba yake bila aibu yoyote.

Ukibonyeza kitufe, mashine inatuma midundo mifupi ya mwanga usioonekana kwa macho, kisha inapima muda mpaka mwanga uguse kitu na kurudi. Mwanga unakwenda kama kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kila mita moja ya umbali, kwenda na kurudi, inachukua chini ya nanosekunde 7, yaani sehemu saba za bilioni moja za sekunde. Kazi hiyo ya kuhesabu muda mashine za siku hizi zinaiweza. Ugumu uko kwenye kujua mwanga uliorudi umetoka wapi, maana mwali wa leza unatanuka kama wa tochi, ila polepole zaidi. Ukitanuka milimita 2 tu kwa kila mita, ukifika mita 150 una upana wa sentimita 30. Mlingoti wa bendera una unene wa kama sentimita mbili. Sehemu kubwa ya mwanga wako inaupita mlingoti na kwenda kugonga miti ya nyuma.

Na hiyo miti ndiyo yenye hila. Leza nyingi za gofu zinatumia mwanga wa infraredi wa nanomita 905 hivi, na majani mabichi yanaurudisha mwanga wa aina hiyo kwa nguvu. Wewe unaona kivuli cheusi nyuma ya grini, ile sehemu ya nyasi fupi penye bendera, leza inaona ukuta unaong'aa.

Sasa ongeza upepo wetu. Mchana upepo unatoka baharini, na pale klabu ya Gymkhana bahari iko jirani kabisa. Ukicheza kuelekea baharini, kitambaa cha bendera kinapepea kuja upande wako, kwa hiyo unachokiona ni ukingo wake tu, mwembamba kama karatasi iliyoshikwa ubavuni. Mchezaji wa shimo (yaani njia nzima ya kufikia bendera) linalokatisha upepo anaiona bendera nzima na leza yake inajibu mara moja. Mtu huyohuyo akifika kwenye shimo linaloelekea upepo anaanza kuipiga makofi mashine.

Niliwahi kucheza kundi moja na bwana mmoja kutoka Moshi. Akalenga, leza ikasoma yadi 168. Kedi wake, mtu mzima aliyeubebea uwanja ule mabegi tangu ujana, akamwambia, "Bosi, hapo mia na hamsini hapafiki."

"Mzee wangu, hii mashine haidanganyi."

"Sawa, bosi."

Mpira ukaivuka grini yote na kuzama kwenye majani. Mzee hakuongeza neno, alinyanyua begi akatangulia. Na kweli mashine haikudanganya, ilipima miti kwa usahihi kabisa.

Dawa yake ni kuifanya bendera, au tuseme mlingoti, irudishe mwanga mwingi kuliko kila kitu kilicho karibu nayo. Njia bora ni prizimu ndogo inayofungwa kwenye mlingoti chini ya kitambaa, au mlingoti wenye prizimu iliyojengewa ndani. Ndani yake kuna vipembe, kila kimoja kikiwa na nyuso tatu zilizokutana kwa pembe mraba. Mwanga ukiingia unadunda kwenye nyuso zote tatu na kurudi kulekule ulikotoka, hata kama hukusimama mbele yake sawasawa. Wanaanga wa Apollo 11 waliacha kifaa chenye vipembe 100 vya namna hiyo mwezini Julai 1969, na mpaka leo wanasayansi wanakipiga leza kutoka duniani kupima umbali wa mwezi. Yadi 150 za uwanja wa Lugalo hazitakishinda.

Hapo ndipo watu wanapochanganya mambo. Kioo cha kawaida hakifai, kwa sababu kinarusha mwanga upande mwingine isipokuwa ukisimama mbele yake kabisa. Sidii ya zamani ni hivyohivyo. Karatasi ya foili inasaidia kidogo, inatapanya mwanga ovyo na baada ya wiki imechanika. Unachotaka ni kitu kinachorudisha mwanga kwa mwenyewe, kama vile utepe wa reflekta unaobandikwa nyuma ya malori. Ingia maduka ya spea Kariakoo au Gerezani uulize, utaonyeshwa aina kadhaa. Ulio na michoro kama sega la nyuki au almasi ndogondogo kwa kawaida ni wa prizimu, na ndio ninaoupendekeza. Ule wa kitambaa, kama wa majaketi ya bodaboda, una vishanga vidogo vya kioo vilivyo wazi juu, na ukilowa nguvu yake hupungua. Hapa kwetu umande wa asubuhi na mvua za masika vinatosha kuuharibia kazi. Rangi chukua nyeupe.

Usimwamini muuzaji, jaribu mwenyewe. Kipande cha kila aina kiweke mwisho wa korido yenye giza, kisha piga picha kwa simu ukiwa umewasha flashi. Kwa kuwa flashi iko karibu na lenzi, kinachorudisha mwanga kwa mwenyewe kitawaka kwenye picha kuliko vyote. Ukiona kipande kimefifia, mrudishie jamaa utepe wake.

Usiende kubandika vitu kwenye bendera ya klabu kimyakimya. Mlingoti ni mali ya uwanja na kuuweka sawa ni kazi ya kamati. Kisheria, kitu chochote kilichofungwa kwenye mlingoti kinahesabiwa kuwa sehemu ya mlingoti, hivyo mpira ukikigonga hakuna kesi. Ila sehemu ya chini ya mlingoti ina kikomo cha unene, milimita 19, na shimo lenyewe lina kipenyo cha milimita 108 tu. Utepe au prizimu vikae juu, karibu na kitambaa, mbali na njia ya mpira. Huko juu pia hakuna mchanga wa bunka, lile shimo la mchanga la kukutega, na ni rahisi kufuta chumvi ya bahari kwa kitambaa chenye maji.

Reflekta ikishafungwa, namna ya kulenga nayo inabadilika. Acha kufuata kitambaa kinachocheza, lenga mlingoti mahali prizimu ilipo. Viwiko vibane mbavuni, au egemeza mkono kwenye begi. Lakini kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: bendera ya shimo jirani nayo ina prizimu. Kwenye uwanja wa mjini ambao feawei, yaani njia za nyasi za kuelekea grini, zimesogeleana, unaweza kulenga bendera yako na kupata jibu la bendera iliyo nyuma yake kwenye mstari uleule, tena jibu safi lisilo na wasiwasi wowote.

Kwa hiyo mimi huwa naiwekea namba mipaka. Napima kwanza ukingo wa bunka la mbele, napima miti ya nyuma, ndipo napima bendera. Bunka likisoma 128 na miti 171, bendera lazima iangukie katikati, na kwa macho yangu najua kama iko mbele au nyuma ya grini. Namba ya 169 hapo ninaitilia shaka palepale, narudia mara mbili tatu, na namba ndogo inayojirudia ndiyo ninayoichukua. Mashine nyingi zina mpangilio wa kutanguliza kitu cha karibu, na nyingine zinatetemeka zikiamini zimeipata bendera. Uwashe mpangilio huo, lakini mtetemo usikuondolee kazi ya kufikiri. Na tafadhali hakikisha mashine na kadi ya uwanja vinaongea kipimo kimoja, kwa sababu yadi 150 ni mita 137, tofauti inayozidi ile ya fimbo moja na inayofuata.

Kama kamati haina haraka na reflekta, anzia mazoezini. Chukua mifuniko ya ndoo za rangi, bandika utepe kwa mbele, ipigilie kwenye vijiti na uvisimamishe kwenye kiwanja cha mazoezi kwa umbali wa mita 50, 75 na 100. Azima futi kamba ya fundi upime moja ya hizo chini kwa chini, halafu ulinganishe na leza. Hapo utaijua mashine yako vizuri, na utajua weji yako, fimbo ya mapigo mafupi, inafika wapi badala ya pale unapotamani ifike. Mimi mazoezi haya nayaona yana faida kubwa kuliko prizimu za uwanjani. Uwanjani unapima ili upige mara moja, mazoezini unapima mpira baada ya mpira mpaka mwili unaelewa.

Mambo madogo yaliyobaki. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, lenzi inashika ukungu kwa joto na unyevu wetu, kwa hiyo itoe mashine kwenye begi mapema izoee hewa. Matone ya mvua mbele ya lenzi yanaweza kuleta namba fupi za uongo. Betri ikichoka, uwezo wa kusoma mbali unashuka kabla mashine haijazima, na nyingi zinatumia CR2 ambazo hazipatikani kila duka, hivyo beba ya akiba. Kwenye mashindano, sheria tangu 2019 zinaruhusu kupima umbali isipokuwa klabu ikikataza, lakini hesabu ya mwinuko, ile inayorekebisha umbali kwa kilima au bonde, lazima uizime. Ukiitumia, mara ya kwanza ni adhabu, kwa mchezo wa kuhesabu mapigo ni mawili, na mara ya pili unaondolewa. Kwa viwanja vyetu vya Dar vilivyo tambarare huna unachopoteza ukiizima. Ukipanda Arusha au Moshi kucheza na wenzetu wa milimani, ulizia kamati yao kabla ya kufika kwenye tii ya kwanza, pale pa kuanzia.