Mwili Ukitetemeka, Pima Kabla ya Kulamba Sukari

Karibu mwaka mzima baada ya kuambiwa nina kisukari aina ya pili, nililala na pakiti ya sukari chini ya mto. Si bure. Usiku mmoja, wiki chache baada ya kuanza dawa, niliamka kijasho chembamba kikinitoka, mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio, nina njaa kama sijala siku mbili. Mashine ya kupima sukari ikasoma 3.2, yaani imeshuka mno. Tangu hapo nikawa yule aliyeumwa na nyoka: nikiona ung'ongo nashtuka. Moyo ukidunda kidogo tu, nabugia sukari bila kupima. Asubuhi nakuta 13, natishika, na siku nzima imeharibika.

Kilichonisaidia ni daftari la shule. Muuguzi aliniambia nikitetemeka nipime kwanza, niandike namba, kisha niandike nilikuwa nawaza nini. Baada ya wiki tatu nilikuwa na matukio kumi na moja. Mawili tu yalikuwa chini ya 4. Mengine yalikuwa 6, 7, moja hata 11, na pembeni nimeandika "deni", "simu ya bosi", "majibu ya figo".

Sababu yake ni rahisi. Sukari ikishuka, mwili humwaga adrenalini, homoni ya kushtuka, ili ini litoe sukari liliyoiweka akiba. Ukiogopa, adrenalini ni ileile. Kengele moja, milango miwili. Ndiyo maana hofu yenyewe hupandisha sukari hata kama hujala kitu. Halafu kuna jambo ambalo wengi hatuambiwi: mwili uliozoea sukari ya juu kwa muda mrefu unaweza kulalamika kwamba imeshuka, kumbe iko 6 tu. Ukizoea kiwango cha kawaida, hali hiyo hupungua.

Ganzi nayo ilinisumbua. Ya hofu hunijia ghafla midomoni na kwenye vidole vya mikono kwa sababu napumua haraka, nikitulia inaondoka. Ganzi ya neva (mishipa ya fahamu) zilizoumizwa na kisukari kwa kawaida huanza miguuni, polepole, na haijali kama umetulia au la. Hiyo mwonyeshe daktari.

Sasa hivi mwili ukianza vituko vyake nanawa mikono, naikausha, napima. (Niliwahi kupima nimetoka kumenya tunda, namba ikanitoa roho bure.) Ikiwa chini ya 3.9, au 70 kwa mashine zinazosoma kwa mg/dL, nachukua gramu 15 za sukari ya haraka: nusu glasi ya juisi, au kijiko kikubwa kimoja cha sukari kwenye maji. Nasubiri dakika 15, napima tena. Kipimo cha kwanza kikiwa juu ya 3.9, nakaa, navuta pumzi, naitoa taratibu kuliko nilivyoivuta, kisha narudia kipimo. Lakini kama huna mashine karibu na unatumia insulini, usibahatishe, kunywa kitu kitamu.

Ujue pia unatumia dawa gani. Metformini peke yake mara chache hushusha sukari kupita kiasi. Insulini, glibenklamidi na gliklazidi zinaweza. Na baadhi ya dawa za presha, kama propranololi, huficha mtetemo na mapigo ya moyo, ila jasho hubaki.

Usije ukasingizia wasiwasi kila kitu. Kifua kubana, pumzi kukata, jasho baridi bila sababu: nenda hospitali hata kama namba ni nzuri, maana kwetu sisi moyo unaweza kushambuliwa bila maumivu makali.

Nyumbani nimemwambia mke wangu nikianza ubishi usio na kichwa wala miguu, asijibizane nami, alete mashine, maana sukari ikishuka huweza kuleta ukali. Mara mbili amekuwa sahihi. Mara nyingine zote nilikuwa mbishi tu.