Je, seva yetu inapitisha barua za wageni?

SWALI: Nasimamia seva ya barua pepe ya ofisi, ni Postfix. Tangu tubadilishe ruta, foleni imejaa barua za watu tusiowajua, na barua zetu wenyewe zinakataliwa huko ziendako. Nimeipima kwa kompyuta ya ofisini, ikakubali kutuma popote. Ndiyo rilei iliyo wazi, yaani seva inayompitishia yeyote barua kwenda popote?

JIBU: Kipimo hicho hakikwambii kitu, ndugu yangu. Kompyuta ya ofisini imo kwenye mynetworks, orodha ya anwani ambazo Postfix inaziamini; kukubaliwa ni haki yake. Pima ukiwa nje, kwa telnet (programu ya kuongea na seva moja kwa moja) kwenye poti 25, na kwenye RCPT TO, amri ya kutaja mpokeaji, weka anwani isiyo ya kikoa chenu. Ukijibiwa 554 na “Relay access denied”, mlango umefungwa. Ukijibiwa 250, yaani imekubali, una kazi. Ukikuta kimya usishangilie: watoa huduma wengi wa intaneti huziba poti 25 ya kutokea, basi jaribu kupitia mtandao mwingine.

Foleni usiifute, humo mna barua halali pia. Izuie kwanza isitumwe, kwa amri ya postsuper -h ALL, kisha chukua namba ya barua taka moja uifuatilie kwenye logi.

Hapo tazama client=, anwani ya aliyeleta barua. Mimi hiyo ruta mpya ndiyo naishuku. Kama kila mgeni anaonekana ametoka 192.168.1.1, au anwani yoyote ya ndani ya ruta, basi ruta inawavisha wote sare moja, na Postfix inawapokea kama wenyeji. Zima huo ubadilishaji wa anwani ya mtumaji kwa miunganisho inayoingia poti 25. Wakati unahangaika na menyu zake (na nyingine zimefichwa kweli), punguza mynetworks ibaki 127.0.0.0/8 (seva yenyewe tu), fanya postfix reload, na wafanyakazi watume kwa poti 587 na nywila zao.

Ukiona sasl_username, jina la aliyeingia kwa nywila, kwenye mstari huohuo, hadithi ni nyingine kabisa: nywila ya mtu imeibwa. Kipimo cha nje kitatoka safi na barua taka zitaendelea kumiminika, mpaka uibadilishe. Na kama client= haipo, ila kuna pickup (barua imeanzia ndani ya seva yenyewe) na uid, namba ya mtumiaji, ya seva ya wavuti, kagua fomu za tovuti yenu.

Spamhaus na orodha nyingine za watumaji wa barua taka uziombe zikuondoe baada ya foleni kutulia. Ukiwahi kabla, utarudishwa humohumo.